Mwalimu, hizo siku 30 za kazi zimetoka wapi?

Swali: *Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, niko Morogoro, nimestaafu mwaka jana. Mkupuo wangu wa mafao ulikuwa milioni 85 na bado uko benki. Jirani yangu anauza Toyota Coaster yake, ni daladala hapa mjini, anataka milioni 60. Amenipigia hesabu kwenye karatasi: gari linaleta hesabu, yaani fedha dereva anayomkabidhi mwenye gari, ya 120,000 kwa siku, mara siku 30, ni milioni 3.6 kwa mwezi. Anasema mwaka mmoja na nusu hautafika, gari litakuwa limejilipa. Kijana wangu ananikataza, ananiambia nisome jinsi yule mzee wa Marekani, Warren Buffett, alivyokuwa akikadiria mambo. Mimi nitajifunza nini kwa mtu mwenye mabilioni ya dola, asiyejua hata konda ni nani? Na je, ninunue au nisinunue?*

Shikamoo, Mwalimu, na hongera kwa kumaliza utumishi salama.

Ni kweli Buffett, mwekezaji wa mji wa Omaha, hajui konda ni nani. Lakini kazi aliyoifanya maisha yake yote ni hii uliyoletewa mezani na jirani yako: mtu anakupa karatasi yenye namba za kesho, anataka fedha yako ya leo. Wahenga walishatuambia moja shika, si kumi nenda uje. Buffett naye hupenda kisa kama hicho cha Aesop, cha ndege aliye mkononi na wale walio kichakani, isipokuwa yeye huongeza maswali. Una uhakika gani kwamba kichakani kuna ndege? Ni wangapi? Watatoka lini? Na ukiacha fedha yako mahali salama, utapata nini wakati unawasubiri? Mwalimu, ukiyajibu hayo kwa Coaster ya jirani, barua hii unaweza kuiacha hapa.

Kwa nini nimfuate yeye, si tajiri mwingine? Kwa sababu ya makosa yake. Kwa miongo mingi amewaandikia barua wanahisa wa kampuni yake, Berkshire Hathaway, na humo ameyaanika makosa yake na kuyataja kwa dola. Matajiri wengi tunaowasikiliza kwenye semina huwa hawana hata kosa moja. Huyu alinunua hisa zake za kwanza Machi 1942, akiwa na miaka 11: hisa tatu za Cities Service kwa dola 114.75, akiba aliyokuwa akiidunduliza tangu ana miaka sita. Zilikuwa dola 38 na senti kila moja. Zikashuka hadi 27, mtoto akaingiwa na hofu. Zilipopanda hadi 40 akauza mbio, baadaye zikapita 200. Hakuwa na wazo lolote la thamani ya kampuni ile. Alichokuwa nacho ni bei tu, na mwenye bei tu hana pa kushika inapoyumba.

Sasa karatasi yako.

Kitu cha kwanza kinachonisumbua ni kwamba ina namba moja. Milioni 3.6. Haina namba ya mwezi mbaya, haina ya mwezi mzuri. Mtu akinipa namba moja juu ya jambo ambalo halijatokea, najua bado hajakadiria, amezidisha tu. Makadirio yana upana: mambo yakienda vibaya nitapata kiasi gani, yakienda kama kawaida kiasi gani, yakinyooka kiasi gani.

Na upana huo ukiwa mkubwa, usijitese kuupunguza kwa kuongeza desimali. Mwaka 2002 na 2003 Buffett aliisoma ripoti ya mwaka ya PetroChina, kampuni ya mafuta ya China, akakadiria kwamba kampuni nzima ina thamani ya dola bilioni 100 hivi. Sokoni ilikuwa inakwenda kwa bilioni 37. Litazame pengo hilo, Mwalimu. Hata angekuwa amekosea kwa bilioni 20 au 30, bado uamuzi ungekuwa uleule. Hakuwa na haja ya kubishana na mtu kama ni 95 au 105. Akatoa dola milioni 488 kwa asilimia 1.3 ya kampuni, na mwaka 2007 akauza kwa dola bilioni 4.

Mwaka uliofuata, mtu yuleyule, kwenye mafuta yaleyale, alinunua hisa nyingi za ConocoPhillips wakati bei ya mafuta iko karibu na kilele. Hisa zilizomgharimu dola bilioni 7 zilifunga mwaka 2008 zikiwa na thamani ya bilioni 4.4. Je, akili ilimpungua ndani ya miezi michache? Hapana. Ile ya kwanza aliinunua kwa bei iliyomwachia nafasi ya kukosea, na kweli hata angekosea asingeumia. Ya pili ilihitaji mafuta yabaki pale yalipo. Yeye mwenyewe aliandika kwamba hakutarajia kabisa yangeshuka namna ile.

Kuna mfano wake wa daraja ambao wanafunzi wangu huupenda. Ukijenga daraja la kupitisha malori ya ratili 10,000, ulijenge libebe ratili 30,000. Nafasi hiyo ya katikati ndiyo inayomeza makosa yako, na kwenye biashara nafasi hiyo huinunui baadaye. Unaipata siku ya kulipa, kwa kulipa kidogo kuliko thamani, au huipati tena.

Marehemu Charlie Munger, mwanasheria aliyekuwa mshirika wake na aliyefariki Novemba 2023 akikaribia miaka 100, aliwahi kuwachekesha wanahisa: Warren anazungumza sana juu ya kukokotoa thamani ya leo ya fedha za baadaye, alisema, lakini mimi sijawahi kumwona akikokotoa hata mara moja. Buffett akajibu kwamba mambo mengine mtu huyafanya akiwa peke yake. Ndani ya utani huo kuna jambo zito. Kama biashara inahitaji ukurasa mzima wa hesabu ndogo ndogo ili ionekane inalipa, basi iko karibu mno na ukingo. Inayolipa kweli huonekana nyuma ya bahasha.

Basi na sisi tutumie nyuma ya bahasha. Namba nitakazoziweka ni zangu, za kukuonyesha njia. Utazibadilisha ukishaulizia huko kwenu.

Jirani amezidisha kwa siku 30, yaani siku 360 kwa mwaka. Daladala gani inatembea siku 360? Kwenye siku 365 za mwaka toa siku moja ya wiki ya kufanyiwa huduma na dereva kupumzika, zimebaki 313. Toa siku za ukaguzi, siku gari liko gereji linasubiri kipuri kutoka Dar es Salaam, siku dereva ana msiba na deiwaka, dereva wa kumshikia siku hiyo, hajaonekana, siku trafiki wamelizuia, siku mvua imeharibu barabara. Mimi ningeweka siku 270 kwa mwaka wa kawaida, 230 kwa mwaka mbaya, 300 kwa mwaka mzuri.

Halafu ile 120,000. Hiyo ni hesabu *iliyokubaliwa*. Kiasi kinachofika mkononi kwako ni kingine, na wamiliki wote wa daladala ninaowafahamu wanaijua sauti ya simu ya saa tatu usiku: "Mama, leo hali ilikuwa mbaya, naleta themanini, arobaini zilizobaki tutamalizana kesho." Weka 85,000 kwa mwaka mbaya, 100,000 kwa wa kawaida, 115,000 kwa mzuri.

Mwaka mbaya, basi, siku 230 kwa 85,000 ni milioni 19.55. Wa kawaida, 270 kwa 100,000 ni milioni 27. Mzuri, 300 kwa 115,000 ni milioni 34.5. Jirani ameandika milioni 43.2. Hata mwaka wetu mzuri haumfikii.

Bado hatujatoa gharama zako. Mafuta, dereva na konda vinatoka kwenye mapato ya siku kabla hesabu haijakufikia, sawa. Lakini matairi sita ni yako. Oili na vichujio, breki, springi, betri, bima, leseni ya usafirishaji, kodi, na yule msimamizi utakayelazimika kumlipa kwa sababu wewe hutakwenda stendi alfajiri kuhesabu abiria. Nimeweka milioni 11 kwa mwaka wa kawaida, 14 kwa mbaya (mwaka mbaya huwa mbaya pande zote mbili: gari likilala gereji, mapato yanapungua na gharama zinapanda kwa wakati mmoja, jambo ambalo watu wengi wanaopiga hesabu hulisahau), na milioni 8 kwa mzuri. Tunabaki na milioni 5.55, milioni 16, au milioni 26.5.

Hapo wengi hufunga daftari na kusherehekea. Lakini gari unalolinunua milioni 60 leo, baada ya miaka mitano ya barabara zetu utaliuza kwa ngapi? Tuseme milioni 25, kama hujashusha injini. Milioni 35 zimeyeyuka ndani ya miaka mitano, milioni 7 kila mwaka. Hakuna atakayekutumia ankara ya fedha hiyo, na ndiyo maana haimo kwenye karatasi ya jirani. Munger alikuwa mkali sana juu ya wanaotangaza faida bila kutoa uchakavu, na alikuwa na haki. Ukiitoa, mwaka mbaya unapoteza milioni 1.45. Wa kawaida unapata milioni 9. Mzuri, milioni 19.5.

Sasa swali la ndege aliye mkononi. Hatifungani za serikali za muda mrefu, yaani fedha unayoikopesha serikali kwa riba, za miaka 20 na 25, kwa miaka ya karibuni zimekuwa zikitoa riba inayozidi asilimia 10 kwa mwaka. Tuchukue 12 kwa ajili ya mfano. Milioni 60 zingekuletea milioni 7.2 kila mwaka, nusu kila miezi sita, wewe ukiwa umekaa barazani. Coaster mwaka wa kawaida imekupa milioni 9. Tofauti ni milioni 1.8 kwa mwaka, yaani 150,000 kwa mwezi. Huo ndio mshahara wako wa kupokea simu za usiku na kubishana na fundi. Na kwa mshahara huo umekubali kwamba mwaka mwingine utapata hasara.

Nadhani sasa unaona kwa nini kijana wako amekukataza. Lakini sijamaliza, kwa sababu kuna aina tatu za kosa ambazo bahasha yetu haijazigusa, na moja imenigharimu mimi mwenyewe.

Nianze na hiyo. Mwaka 2005 mimi na wenzangu wawili tulifunga mashine ya kukoboa na kusaga nafaka, Kibaha. Mimi ndiye niliyekuwa "mtaalamu wa hesabu". Nilikusanya takwimu za miaka mitatu nyuma: magunia kwa siku, bei ya kusaga, siku ambazo umeme ulikatika. Nikapiga wastani wa siku za kukatika umeme, nikaongeza kidogo kwa tahadhari, nikajiona nimepevuka. Kisha ukaja 2006, mabwawa yakapungua maji, ukaingia mgao wa umeme. Mashine yetu ilikuwa inakaa kimya mchana kutwa. Takwimu zangu za miaka mitatu zilikuwa sahihi kabisa. Swali ndilo lililokuwa baya. Niliuliza umeme *umekatika* mara ngapi. Sikuuliza kitatupata nini *ukikatika* kwa miezi. Jenereta ya mkopo ilitumaliza, tukauza mashine kwa bei ya chuma.

Miaka kadhaa baadaye ndipo nilipoisoma barua ya Buffett ya mwaka 2001 kwa makini, nikajicheka. Kampuni yake ya General Re, inayozikatia bima kampuni nyingine za bima, ilikuwa imepata hasara kubwa kutokana na mashambulizi ya kigaidi ya Septemba 11 nchini Marekani. Alikiri kwamba walikuwa wamepanga bei kwa kutazama yaliyokwisha kutokea badala ya kutazama yanayoweza kuwapata. Upepo na moto walikuwa wanavitoza; ugaidi mkubwa walikuwa wameubeba bure, kwa sababu haukuwa umewahi kuwagharimu. Tena alisema yeye mwenyewe alikuwa ameiona hatari hiyo kabla na hakuchukua hatua. Akajikumbusha Nuhu: kutabiri mvua hakuhesabiki, safina ndiyo inayohesabika.

Kwako safina ni nini? Jirani atakwambia gari halijawahi kupata ajali. Sawa. Uliza likipata ajali kesho, abiria wakaumia, wewe una bima gani? Ile ndogo inayolipa watu wengine tu, au kubwa inayolipa na gari lako? Ukiwa na ndogo, milioni 60 zako ziko barabarani zikiendeshwa na kijana wa miaka 24 anayekimbizana na mwenzake kuwahi abiria. Kama bima kubwa inafanya biashara isilipe, basi biashara ilikuwa hailipi tangu mwanzo, ila hatari ulikuwa unaibeba bure kama General Re.

Aina ya pili ya kosa ni kutazama gari na kusahau njia. Mwaka 1993 Buffett alinunua Dexter Shoe, kiwanda cha viatu cha Maine kilichokuwa kinapata faida nzuri, kwa hisa za Berkshire zenye thamani ya dola milioni 433. Hesabu za kiwanda zilikuwa safi. Asichokipa uzito ni viatu vya bei rahisi vilivyokuwa vinaingia kutoka nje. Ndani ya miaka michache thamani ile ikaisha yote, na kwa kuwa alilipa kwa hisa ambazo ziliendelea kupanda, aliandika kwamba kufikia 2014 hisa hizo zilikuwa na thamani ya dola bilioni 5.7. Sisi tuna Dexter zetu. Waulize waliokuwa na daladala za Kimara kwenda Posta kabla ya Mei 2016, mabasi ya mwendokasi yalipoanza Dar es Salaam. Magari yao hayakuharibika. Njia ndiyo iliyoondoka. Morogoro hamna mwendokasi, lakini bajaji mnazo, na wewe unaziona zikiongezeka kuliko mimi ninayeandika nikiwa mbali. Njia ya gari hili inapita wapi? Bajaji zinaipita kwa kiasi gani sasa, ukilinganisha na miaka mitatu iliyopita? Hilo hulihitaji benki wala mtaalamu; kaa kituoni asubuhi tatu uhesabu.

Na hapa niseme neno ambalo kijana wako huenda hakukwambia, kwa sababu wanaomnukuu Buffett hupenda kumfanya mzee wa kukataa tu. Mwaka 1972 nusura akose biashara bora ya maisha yake kwa ubahili. See's Candies, watengenezaji wa peremende na chokoleti wa California, wenyewe walitaka dola milioni 30. Munger alisema inastahili. Buffett akang'ang'ania 25, na hata kwa 25 hakuwa na hamu sana. Bahati yake, wenye mali wakakubali. Kufikia 2014 kampuni hiyo ilikuwa imeleta faida ya dola bilioni 1.9 kabla ya kodi, ikihitaji kuongezewa mtaji wa milioni 40 tu. Angeondoka kwa ajili ya milioni 5! Alichokuwa hajakipima ni uwezo wa See's kupandisha bei: kila mwaka, baada ya Krismasi, bei ilipanda na wateja wakaendelea kununua.

Nimekaa hapa kwa makusudi, kwa sababu hilo ndilo swali ambalo ningemuuliza jirani yako kabla ya yote. Daladala yako inaweza kupandisha bei? Haiwezi. Nauli inapangwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Dizeli ikipanda leo, matairi yakipanda, vipuri vikipanda kwa sababu dola imepanda, wewe unasubiri hadi nauli mpya itangazwe, na wakati unasubiri dereva anakuletea hesabu pungufu. Umefungwa mkono mmoja. Kwa biashara ya namna hiyo sitoi hata shilingi ya ziada juu ya makadirio yangu ya kawaida. Kama ungekuwa umeniletea duka la vifaa vya shule mlangoni pa shule uliyofundisha miaka thelathini, ambako kila mzazi anakujua kwa jina, ningekwambia usibishane na muuzaji kwa ajili ya milioni mbili.

Kosa la tatu ni letu sote, na kwa kuwa wewe ni mwalimu utalipenda. Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, aliwahi kuwa kwenye kikundi cha kuandika mtaala wa shule za sekondari nchini Israeli. Mtaala wenyewe ulihusu nini? Kufundisha watoto kufanya uamuzi mzuri. Siku moja kila mjumbe aliandika kwenye karatasi kazi itachukua muda gani kumalizika. Wote wakazunguka miaka miwili. Kisha Kahneman akamgeukia mtaalamu wa mitaala aliyekuwamo humo humo: vikundi vingine kama hiki ulivyoviona huchukua muda gani? Mtu yule akanyamaza kidogo, akasema kama asilimia 40 havikumaliza kabisa, na vilivyomaliza vilichukua miaka saba hadi kumi. Dakika chache kabla, yeye mwenyewe naye alikuwa ameandika miaka miwili! Walichukua minane, na mtaala haukutumika.

Jibu alikuwa nalo kichwani. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kwa namna ya kulitoa. Kwa hiyo Mwalimu, usimuulize mtu "gari hili litaingiza ngapi?" Tafuta wamiliki watatu wa Coaster hapo Morogoro, mmoja kati yao awe ameshaacha biashara, na uwaulize: mwaka jana gari lako lilitembea siku ngapi? Ulitumia ngapi gereji? Kwa nini uliuza? Yule aliyeacha ndiye wa thamani kuliko wote, kwa sababu wanaobaki stendi ni walionusurika, na ukiwasikiliza hao peke yao utadhani kila mtu hunusurika. Jirani msikilize kwa heshima, ni jirani. Ila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Nirudi kwenye swali lako: ununue au usinunue?

Kwa milioni 60, hapana. Kwa milioni 45, na kama gari bado litauzika 25 baada ya miaka mitano, uchakavu unashuka hadi milioni 4 kwa mwaka. Mwaka wa kawaida unapata milioni 12, na hata mwaka mbaya unabakiwa na milioni 1.55. Hapo ndipo mazungumzo yanapoanzia. Si kwamba gari limebadilika. Umejipatia nafasi ya kukosea. Jirani atasema 45 ni matusi. Inawezekana, na anayo haki ya kumuuzia mtu mwingine kwa 60. Buffett ana kisanduku mezani kilichoandikwa kwamba yaliyomo ni magumu mno, na amewahi kusema kwamba mambo mengi huishia humo. Hakuna anayekulazimisha kuupiga kila mpira.

Lakini hata kwa 45 nina wasiwasi mwingine, nao hauhusu gari. Milioni 60 kati ya 85 ni asilimia 70 ya mafao yako, na hata 45 ni zaidi ya nusu. Mimi mashine ya Kibaha iliponishinda nilikuwa na miaka thelathini na kitu, nilirudi kazini Jumatatu. Wewe Jumatatu ya kurudi huna. Ukikosea kwa kiasi kile nilichokosea mimi, miaka yako ishirini ijayo itategemea pensheni ya mwezi na huruma ya watoto. Ningependa angalau milioni 50 zisiguse lami kabisa. Kama roho yako iko kwenye magari, ingia ubia na mtu mwenye uzoefu, kwa sehemu ambayo ikipotea utahuzunika bila kulala njaa.

Kabla hujaamua, andika. Chukua daftari la shule, andika tarehe, bei unayofikiria, siku utakazotarajia gari litembee, hesabu itakayofika mkononi, na sababu. Andika pia kitu ambacho kikitokea utajua ulikosea. Nina daftari kama hilo tangu 2007, na limeniaibisha mara nyingi. Bila hilo ningekuwa bado najidanganya kwamba mgao wa umeme "niliuona unakuja". Mtu akishajua matokeo, kumbukumbu yake humpendelea.

Na jambo moja la kufanya wiki hii, kabla hata ya kuwatafuta wale wamiliki watatu. Mwombe jirani daftari lake la hesabu la miezi 12 iliyopita, lile la kuandika kila siku dereva ameleta ngapi. Kama analo na amekupa, ongeza heshima yako kwake na bei yako kidogo. Akisema "mimi huweka kichwani tu," basi ile 120,000 haitoki kwenye rekodi yoyote, na wewe umeshapata nusu ya jibu. Likipatikana, nipigie picha ukurasa wa Aprili, wa mvua za masika, unitumie.